Filimbi Moja Ndefu

Jumatatu, 13 Novemba 1978

Ifahamike kwa ulimwengu wote, kuanzia kizingiti cha nyumba hii hadi banda la mbuzi, kwamba leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi watatu na kuku mmoja, mimi Pancras nimekabidhiwa filimbi. Moja. Ya bati. Nimeitilia sahihi mara mbili.

Pamoja nayo: rejista, penseli (wino hauruhusiwi, eti mvua ikinyesha ushahidi unaogelea), na karatasi yenye picha za ndege za vita. Kushoto zetu, kulia za adui. Nimezitazama mpaka macho yakauma. Ni zilezile. Nadhani nchi zote mbili zilinunua duka moja.

Cheo: Mlinzi wa Anga, kilima cha juu ya kijiji. Kila ndege niandike saa, inakotoka, inakokwenda, na sauti yake. Jioni mtu wa baiskeli apeleke nakala Nyakanazi, huko ipigwe simu wilayani.

Hawakukosea kunichagua. Kata nzima ya Nemba hakuna mwingine aliyesoma mambo haya. Mwaka 1968 padre alitaka kufungia mayai jarida moja la Kiingereza, nikamwomba. Miezi saba na kamusi. Wamarekani wana ndege ya majaribio yenye roketi mkiani. Haipai yenyewe – inabebwa chini ya bawa la ndege kubwa kama kifaranga, kisha inaachiwa. Moto wake hauchukui hata dakika mbili, halafu inabaki jiwe lenye mabawa. Kwa hiyo kuna watu vilimani wanaoifuata kwa mitambo tangu inapoachiwa, na njiani kuna maziwa yaliyokauka, yamechorwa mistari, ili ikishindwa iwe na pa kuangukia kwa heshima.

Na sisi tumeambiwa tusafishe kiwanja cha dharura kwenye mbuga, chini ya kilima changu. Ndege yetu ikiumia huko vitani, ishuke hapa. Wao wana ziwa, sisi mbuga. Wao wana mitambo, sisi mna mimi – yaani tuna mimi. Hata penseli imechangamka.

Jumamosi, 18 Novemba 1978

Leo damu, na adui bado yuko mbali.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Ildefonce, alisoma amri: mita elfu moja na mia tano, tambarare, bila kisiki. Kutoka kichuguu kikubwa kuja huku mbuga ni safi. Inakwenda vizuri mpaka kwenye mrinzi. Baada ya mrinzi ardhi inaendelea safi vilevile. Ila pale katikati ndipo wenyewe uliposimama – mti wa Kiranga, mzimu wa wazee wetu, maua mekundu, miiba, mkubwa kuliko nyumba ya mwenyekiti. Haukatwi. Mwaka 1974 tulipohamishwa kuja kijijini, wale vijana wa operesheni walichoma nyumba ya mama na maharage ya mbegu yakiwa ndani. Lakini mrinzi waliuzunguka.

Mgambo walikuja sita. Wakalaza wanaume kumi kifudifudi, viboko kumi na viwili kila mmoja, kisha swali: utakata? Wa kwanza hapana. Wa pili hapana. Wa tatu nyama ya paja ilifunguka, inzi wakafika kabla ya nesi. Wa nne shemeji yangu Ndassa, mume wa dada yangu Deodata. Huyu alikuwa anahesabu kwa sauti. Alipofika kumi akageuza shingo akamwambia mgambo, bila hasira, "Umeruka saba." Mgambo akaanza upya. Ndassa naye akaanza upya kuhesabu.

Nilimuuliza jioni kwa nini. "Hesabu ni hesabu, shemeji."

Shoka likabaki chini. Mgambo mmoja alizunguka nyuma ya mti, tukasema sasa anakata. Kumbe anaweka senti kwenye shina. Ndugu Ildefonce, ambaye ni katekista, alitazama upande mwingine kwa ustadi mkubwa.

Jumamosi, 25 Novemba 1978

Kupima. Mimi na mwenyekiti peke yetu.

"Pancras, una miguu mirefu. Pima."

Kutoka kichuguu mpaka mrinzi: hatua mia saba na sitini. Ndugu Ildefonce alitafuna ulimi muda mrefu.

"Ndege ikishuka inakwenda upande mmoja tu?"

"Mmoja, Ndugu Mwenyekiti."

"Na ikitaka kuondoka?"

"Inageuka."

"Basi kiwanja imekitumia mara mbili. Haya, pima kurudi."

Kurudi nako mia saba na sitini. Jumla elfu moja mia tano na ishirini. Nimeandika, nimetia sahihi. Tumevuka lengo kwa mita ishirini bila kumgusa Kiranga. Nilicheka njia nzima. Watu wamelazwa kifudifudi kwa ajili ya mti, halafu tatizo linamalizwa na miguu yangu.

Jumanne, 12 Desemba 1978

Barua ya pongezi imekuja. Kiwanja chetu kimeingia kwenye orodha. Mwenyekiti ameisoma mara tatu, mara ya tatu amesimama.

Agizo jipya: adui naye asije akakitumia. Kwa hiyo magogo kumi na mawili yamelazwa kukatiza uwanja, na kikosi cha watu ishirini na wanne cha kuyaondoa. Kiongozi wa kikosi ni Ndassa, kwa sababu mgongo wake umeshajaribiwa.

Ishara zinatoka kwangu kilimani. Filimbi tatu fupi – ndege yetu, toa magogo. Filimbi moja ndefu – adui, acha magogo, jificheni. Tumefanya mazoezi. Dakika mbili uwanja ukawa mtupu. Ndassa alinipungia mkono kutoka chini, mdogo kama siafu. Nilijisikia mkubwa, sina haja ya kulificha hilo humu.

Jumapili, 24 Desemba 1978

Naandika kwa sababu nisipoandika nitasahau kwa makusudi.

Nyandwi, yule Mrundi wa chumvi. Kila mwaka anakuja na chumvi, wembe na vioo vidogo. Leo baada ya ibada alitundika vioo vyake kwenye kamba, upepo ukavichezesha, jua likapiga. Mama mmoja akauliza huo mwanga anamwonyesha nani huko juu. Basi. Mtu akapiga mwano.

Mwano ukipigwa hakuna kuuliza. Ukelele unaruka nyumba hadi nyumba, kila anayeusikia anakuja na alichoshika. Na kila anayefika apige, hata pigo moja. Asiyepiga ni mwenzake mwizi. Ndiyo sheria, ni ya kale kuliko serikali zote nilizoziona. Faida yake ni kwamba hakuna aliyeua.

Alisema, "Jamani, Alhamisi mlinunua." Hilo ndilo alilosema. Jiwe likamfunga mdomo, kisha mpini wa jembe, kisha sikuona tena uso, niliona migongo. Bibi wa miaka themanini alisubiri zamu yake na mwiko. Nami nilipiga. Mguuni, polepole. Mguu wenyewe ulikuwa hautikisiki.

Ndassa alikuja, akasimama, akapiga ardhi kando yake. Watu waliona. Jioni wamemtoza mbuzi, na hakuna aliyekwenda kumsalimia.

Mwenyekiti ameandika: "Mfanyabiashara ameanguka." Mimi kwenye rejista sikuandika kitu. Hakuruka.

Chumvi yake ilikuwa nzuri.

Jumatano, 17 Januari 1979

Saa tatu na robo. Mbili, kutoka kusini kwenda kaskazini. Sauti ya kitambaa cha marekani kinapasuliwa. Mbuzi ametoa mimba. Mtu wa baiskeli kauliza niandike nini kuhusu mbuzi. Nimemwambia mbuzi si wa anga.

Ijumaa, 9 Februari 1979

Saa tano kasoro dakika kumi. Kaskazini. Moja. Sauti ile ya marekani, lakini inakwama, inapasuka, inakwama. Moshi mweusi nyuma.

Kutoka kaskazini ndiko kwa adui. Nilikuwa na karatasi ile ya picha mkononi, kushoto na kulia, zilezile. Nikapuliza. Ndefu moja. Kusema kweli sikuamua, pumzi iliamua.

Kikosi kikajificha. Magogo yakabaki.

Sasa hili. Ndege haikushuka mara moja. Iliuona uwanja, ikayaona na magogo, ikazunguka. Ilipita chini ya kilima changu – chini yangu! – nikaona mgongo wake na rangi zilizochorwa ubavuni. Kijani, njano, nyeusi, buluu. Mtoto wa darasa la pili anazijua. Ikaenda mbali kugeuka. Muda ulikuwepo. Dakika mbili, pengine na zaidi. Filimbi ilikuwa mdomoni, sikuwa nimeitoa. Tatu fupi. Fu, fu, fu. Basi.

Sikupuliza. Nilifikiri: mlinzi akipuliza mara mbili, nani atamwamini tena? Niliwaza hivyo kweli, kwa maneno hayohayo. Nikajiambia labda adui amejipaka rangi.

Ikashuka. Gogo la tatu likaichukua mguu, ikalala ubavu, ikajiburuta inapiga kelele kama chuma kinachinjwa, ikaenda kujikita kwenye mrinzi. Bawa moja lilivuka mti likaendelea bila mwenyewe. Moto. Rubani alirushwa na kiti chake, akaangukia shamba la mtama.

Na hapo mtu akapiga mwano.

Watu walikuja hata kutoka Nyabusozi. Nilishuka kilima mbio na panga bila kujua nalichukua la nini. Walikuwa wameshamzunguka. Kofia yake ngumu ilikuwa na kioo cheusi, hana uso, na watu wakauonea haya uso usiokuwepo, wakaipiga kofia kwanza. Mawe, mipini, mchi wa kinu. Mchi ndio ulioivunja. Kila mtu moja, foleni kama ya duka la kijiji siku ya sukari. Sauti ilikuwa ya mtu anayekung'uta godoro.

Kabla ya foleni kunifikia niliona mkono wake wa kushoto ukipanda kujikinga uso. Nusu ya njia. Ukarudi.

Nilipiga kwa ubapa.

Ndassa hakuja. Alikuwa anawatoa watu wake kwenye moto, wawili nywele zimeungua.

Rejista, jioni: "Ndege ya adui. Filimbi moja ndefu. Imeanguka. Ushindi." Mwenyekiti amechinja.

Jumamosi, 10 Februari 1979

Nesi Felisita wa zahanati ya misheni ndiye aliyemfungua rubani koti. Ndani barua, ya Kiswahili. Ya mkewe. Mtoto ameota jino la pili, na usisahau kitenge.

Ni wetu.

Nyama ya jana bado ilikuwa jikoni. Hakuna aliyeila, hakuna aliyeitupa.

Nesi ameandika kwenye karatasi kwamba shingo ilivunjika kwa anguko, alikufa papo hapo. Kijiji kimeipenda karatasi hiyo kuliko Biblia. Wanaisomeana. Kwa hiyo sisi tulipiga maiti, na maiti haina kesi. Mimi niliona mkono. Nimeuandika humu, sitauandika pengine.

Ndugu Ildefonce alikuja kabla wengine hawajaamka, akafunga mlango mwenyewe.

"Filimbi zilikuwa ngapi, Pancras?"

"Unajua."

"Mimi najua barua ya pongezi. Wanajeshi wakija, watataka mtu mmoja. Wakimpata mmoja hawatauliza fimbo zetu." Akaitazama rejista. "Kumbe unatumia penseli."

Akaaga vizuri, akawasalimia mbuzi.

Kipande cha ndala kinafuta penseli kuliko raba ya shule. Sasa imeandikwa: "Ndege yetu. Filimbi tatu fupi. Kikosi cha magogo hakikutii." Mwandiko mzuri. Karatasi imekwangulika kidogo tu.

Jumatatu, 12 Februari 1979

Wanajeshi, lori moja. Hawakuuliza mengi. Waliuzunguka mwili, mmoja wao alilia kama mtoto, kisha akafuta uso akaomba aonyeshwe kiongozi wa magogo.

Ndassa alisema filimbi ilikuwa moja, ndefu. Wakafungua rejista. Tatu, fupi. Wakauliza kijiji. Kijiji kilijitazama miguuni. Yule bibi wa mwiko alisema masikio yake ni mabovu. Watu ishirini na watatu wa kikosi chake masikio yao pia yaliharibika wiki hii.

Walimtwisha gogo, lile la tatu, lenye rangi ya ndege. Kichuguu mpaka mrinzi, mbio. Akianguka, kitako cha bunduki. Meno nilisikia yakitoka, yanalia kama punje za mahindi kwenye sufuria. Alipofika mara ya kwanza walimwambia arudi. Alipita mbele yangu, jicho moja limeshafunga. Midomo inatikisika. Nilidhani anasali. Anahesabu hatua.

Wamemfungia kwenye ghala la pamba. Kapteni anakuja Alhamisi. Vita, hujuma, ndege ya serikali – atapigwa risasi, hilo dereva wa lori kalisema huku anakula ndizi yangu.

Jumanne, 13 Februari 1979

Deodata. Alikuja na chungu cha uji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akakaa. Akamimina uji, akanipa.

"Mimi nilikuwa mtoni, nafua," akasema. "Mto uko mbali. Nilisikia moja. Ndefu mpaka nikasema kaka leo anajisikia."

Nikanywa uji.

"Tangu mama afe sijakuomba kitu. Sikuombi na leo. Nimekuja tu ujue kwamba mimi masikio yangu ni mazima."

"Wakijua watanichukua mimi, Deodata."

"Ndiyo." Akafunika chungu. "Shati lake la ndani limegandia mgongoni, hawaniruhusu nilitoe. Wewe ni mtu wa serikali, labda watakuruhusu. Lowanisha kwanza kwa maji ya vuguvugu. Usivute."

Akaniachia kitambaa na kibuyu, akaenda zake.

Waliniruhusu. Nililowanisha, sikuvuta, lakini ngozi ilikuja. Makovu ya Novemba yalikuwa chini ya yale mapya, kama ukurasa uliofutwa vibaya.

"Shemeji," akasema, mdomo umejaa, "nilisikia vibaya?"

Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Huyu mtu anauliza kweli – amepigwa mpaka anaanza kuyashuku masikio yake.

Nilimwambia anyamaze apumzike.

Jumatano, 14 Februari 1979

Hakuna ndege. Mvua.

Kesho nitasema. Nimeandika hapa ili kesho nione aibu nisiposema.

Nimelirudia jarida la padre usiku kucha kichwani. Halisemi popote yule wa kilimani akikosea anafanywa nini.

Alhamisi, 15 Februari 1979

Naandika nimekaa juu ya gogo la tisa. Nimeamriwa nisiondoke hapa. Kapteni amekwenda mpaka kwenye kichuguu, anarudi kwa miguu, taratibu. Bado yuko mbali.

Nimesema. Iandikwe hiyo kwanza. Alipofika nilimpigia saluti ya mgambo, nikampa rejista, nikasema mbele ya mwenyekiti na kijiji: "Afande, filimbi ilikuwa moja, ndefu. Niliona rangi zetu na sikupuliza tena. Hapo nilifuta kwa ndala. Mwachieni huyu."

Ndugu Ildefonce alianza kukohoa. Deodata alikuwa nyuma ya umati, sikumtazama.

Kapteni ni mtu mfupi, mpole, ana mafua. Aliushika ukurasa kwenye mwanga, akaona palipokwangulika, akatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha. Nilisubiri pingu. Hakuzitoa. Aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: ndege ile iligusa chini wapi? Nikamwonyesha. Kwenye kichuguu kabisa, afande, ilianzia mwanzo wa uwanja.

"Na ikaishia hapa, kwenye mti."

"Hapa."

Akawaita askari wawili waliokuwa na mnyororo wa kupimia. Wakaanza kuuvuta mbugani, wanapiga vigingi, wanaitana namba. Tulisimama jua kali, kijiji kizima, tunaangalia watu wanapima majani. Ndassa yuko chini kwenye tairi la lori, mikono nyuma. Midomo yake inakwenda. Anahesabu pamoja nao.

Wakati wakipima, Kapteni alipangusa pua, akaniambia kana kwamba tuko kilabuni: ndege kama hii, ikiwa nzima, breki zote zinafanya kazi, inataka si chini ya mita elfu moja kusimama. Iliyoumia inataka elfu moja na mia tano. Kijana yule alikuwa na viwanja viwili vya kuchagua. Kile kingine cha mita elfu moja na mia tatu kilikuwa karibu zaidi. Kwa mafuta aliyobakiwa nayo angefika kimoja tu. Alichagua hiki kwa sababu kwenye orodha ndicho kirefu kuliko vyote.

"Magogo yangetolewa," akasema, "angeufikia mti huu akiwa na mwendo mkubwa zaidi. Ndiyo tofauti."

Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua. 1,520. Chini yake mwandiko mzuri.

"Sahihi hii ya nani?"

Ndugu Ildefonce aliitazama mbingu kwa makini kuliko nilivyoitazama mimi miezi mitatu. Kapteni hakusisitiza. Alisema nikae kwenye gogo, nisubiri, yeye anakwenda kuuona mwanzo wa uwanja kwa macho yake. Askari wamekunja mnyororo. Ndassa hawajamfungua, na mimi hawajanifunga.

Sasa amepita gogo la tano. La sita. Karatasi iko mkononi.

Mnyororo umetoa mita mia saba na thelathini na moja. Kwenda tu.